Posa ya Baba Ndani ya Kanda

Mashine ilifika kwenye nyumba yetu ya Kariakoo ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi, na mwenye nyumba akaifungua juu ya kaunta ya duka lake polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ilikuwa redio kaseti. Ndugu yake alikuwa ameileta kutoka Maskati. Babu yao alitoka huko Uarabuni zamani, akafungua duka hapa, na familia yake ilikuwa bado inakwenda na kurudi. Tulikuwa wapangaji wa vyumba sita, na asubuhi ile hakuna aliyekumbuka zamu yake ya bafu.

Mwenye nyumba alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kimoja chekundu, akainama na kusema, "Moja, mbili, tatu, sukari hakuna." Akarudisha nyuma. Mashine ikatwambia, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba sukari hakuna.

Tulikuwa tunaijua habari hiyo kwa miezi kadhaa. Kila mtu aliyesimama pale alikuwa amepanga foleni ya sukari wiki hiyo akarudi na mfuko mtupu. Lakini tulicheka mpaka mama wa chumba cha tatu akakaa chini sakafuni, akijipepea kwa ncha ya kanga.

"Irudie," akasema. "Irudie nisikie tena kama hakuna."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo na nimepata kazi wizarani, idara ya mipango. Mimi ni mtu ambaye nikishafunga bahasha huipitisha juu ya mvuke wa birika ili niifungue, nihakikishe niliyoyaandika ndiyo niliyoyakusudia. Kwa hiyo wakati wengine wanacheka, mimi nilikuwa nawaza: kama sauti inaweza kukaa humo ndani, itakaa mpaka lini? Na mtu akikohoa, kikohozi nacho kitakaa? Nilimuuliza mwenye nyumba. Akaniangalia kwa huruma.

"Ndugu msomi," akasema, "kitakaa. Na wewe ukisimama karibu sana, wasiwasi wako nao utakaa."

Haukupita mwezi, nyumba ikabadilika. Mama wa chumba cha tatu alikuwa na mume Mtwara, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua zake. Yeye husema, "Mwambie ni mpumbavu," mimi huandika, "Nakukumbusha kwa heshima." Sasa hakunihitaji tena. Alinunua kanda, akaoga, akajipaka mafuta, akavaa doti mpya ya kanga na kujifunika kichwa vizuri, ndipo akaketi mbele ya mashine. Jirani mmoja alimuuliza anajipambia nani wakati mume hamuoni. "Nizungumze na mume wangu nikiwa na masizi?" akajibu. Kisha akafunga mlango, na tulichosikia sisi tuliobaki ukumbini ni kama nusu saa ya mambo ambayo kalamu yangu isingeweza kuyabeba. Mume alirudi mwezi uliofuata, na zawadi. Nilijiuliza kama barua zangu zote zile za heshima ndizo zilizomchelewesha.

Lakini jambo lenyewe ninalotaka kulisimulia ni langu.

Upande wa pili wa Mtaa wa Msimbazi aliishi binti mmoja muuguzi. Tulikutana kwenye foleni ya sabuni, nikampisha mbele yangu, sabuni zikaishia kwake. Alinikatia nusu ya mche wake kwa uzi. Tangu hapo sikuwa na akili nyingine. Tulizungumza, tukakubaliana, nikamtuma mwenye nyumba wangu kuwa mshenga, akapeleke posa kwa bibi aliyemlea na kwa baba yake mkubwa. Nilimwandikia baba yangu, akatuma barua. Mwenye nyumba aliipeleka akiwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, akarudi nayo mkononi, haijafunguliwa.

"Wamekataa?" nikauliza.

"Hawajakataa. Hawataki barua. Bibi kasema, 'Huyo kijana ni msomi, barua anaweza kujiandikia mwenyewe. Mimi nataka kumsikia mzazi wake kwa mdomo wake.'"

Ombi lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilinitia homa. Baba alikuwa kijiji cha ujamaa kule Masasi, ana mguu mbovu, na masika yalikuwa yameikata barabara ya kusini. Hata malori yalikuwa yamelala kabla ya Rufiji. Na muda haukuwepo. Binti alikuwa amepewa uhamisho wa kwenda Mwanza na alitakiwa aondoke Jumatatu ya wiki ya tatu tangu siku ile. Bibi alikuwa amesema wazi: akiondoka bila neno la mzazi, habari hiyo imefungwa, asije mtu kugonga tena mlangoni kwake. Nilihesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena kwa penseli, zikawa zilezile.

Aliyepata ufumbuzi alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege. Alinisikiliza nikilalamika kuhusu matope huku anakata kucha.

"Baba yako hawezi kuja," akasema. "Lakini sauti yake ina mguu mbovu?"

Nikaanza kucheka kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu mwenye malaria. Ndege zilikuwa zinakwenda kusini hata mvua inyeshe. Mwalimu mkuu wa kijijini kwetu alikuwa na redio kaseti. Jirani angenitafutia abiria wa kubeba kanda tupu kwenda, na abiria mwingine wa kuirudisha ikiwa na baba ndani.

Usiku uleule nilimwandikia baba kurasa nne za maelekezo. Asikohoe. Asisogee mbali na mashine wala asiikaribie mno. Jogoo watolewe. Nikafikiri sana kuhusu jinsi mzee ambaye hajawahi kuzungumza na mashine atakavyokakamaa, na mwishoni nikaongeza kwa herufi kubwa: AZUNGUMZE KAMA VILE YUKO CHUMBANI PAMOJA NAO. Niliifungua bahasha kwa mvuke mara mbili. Mara zote mbili niliona sentensi hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Kanda ilirudi Jumamosi, siku mbili kabla ya binti kusafiri. Mshenga alikuwa ameshatoa taarifa kwamba tunakuja saa kumi alasiri. Sasa likazuka suala la betri. Nyumbani kwa bibi, kama kwetu, hakukuwa na umeme, na mashine ilikuwa inakula betri sita kubwa. Madukani betri hazikuwepo, hata kwa wale wanaouza chini ya kaunta kwa kunong'ona. Za mwenye nyumba zilikuwa zimechoka, na ubavuni zina alama za meno, kwa sababu kila aliyezitumia alikuwa ameziuma kidogo ili zipate nguvu. Tulizianika juu ya bati tangu asubuhi, kama dagaa. Jua lilitoka, likajificha, likatoka. Kila lilipojificha nilipanda kwenye ngazi kuzigusa kama zina joto.

"Ziache zipumzike," mama wa chumba cha tatu aliniambia kutoka uani. "Hata mimi ungenigusa hivyo ningezimika."

Nilikuwa na mtihani mwingine kichwani. Nikiisikiliza kanda kabla, nitakula betri. Nisipoisikiliza, sitajua baba amesema nini. Nikaamua kusikiliza mwanzo tu. Nikabonyeza.

"Hodi," akasema baba.

Halafu hakusema kitu. Mashine ilinong'ona tu, shhh, kwa muda mrefu. Nikapeleka mbele kidogo, nikabonyeza. Shhh. Nikapeleka tena. "Na watoto?" akasema baba, na akanyamaza tena. Nikazima. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imenyooka, tayari kwa safari.

"Ina mapengo," nikamwambia. "Kanda imeharibika. Labda mashine ya uwanja wa ndege, ile ya kukagulia mizigo, labda jua, labda abiria aliiweka karibu na sumaku."

"Tunaenda," akasema. "Saa kumi kasorobo."

Mtu anayeposa hakai kwenye kikao cha posa yake. Hilo hata mimi nilijua, na nilikuwa nimepanga kubaki nyumbani nikiuma kucha. Lakini mwenye nyumba, baada ya ile siku ya sukari, alikuwa akibonyezewa vitufe na mwanawe, na siku hiyo mwanawe alikuwa ametoka. Kati ya tuliobaki, hakuwepo aliyeijua mashine vizuri kunipita mimi. Kwa hiyo nilimfuata nimeibeba, nikijipenyeza kati ya mikokoteni na wachuuzi, nikawa mposaji wa kwanza, kwa ninavyojua, kuingia kwa miguu yake kwenye kikao cha posa yake.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, macho makali. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti, mnene, mikono kifuani.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba," wakajibu. Bibi akamgeukia mshenga. "Huyu ni nani?"

Alikuwa ananijua. Alikuwa ameniona nikipita mbele ya baraza lake mara nyingi kuliko mwadhini.

Mshenga hakubabaika. "Huyu ni fundi wa mashine."

"Ah," akasema bibi. "Karibu fundi. Wewe fanya kazi yako, mambo ya humu hayakuhusu."

Nilikaa kwenye kona ya mkeka, nikaiweka mashine katikati, nikabonyeza.

"Hodi," akasema baba.

"Karibu," akasema bibi.

Baba mkubwa akakunja uso. "Mama, hiyo ni mashine."

"Mtu amepiga hodi, nimwache mlangoni?"

"Asalaam alaykum," akasema baba. Shhh. Na katika ile shhh wote watatu wakaitikia, hata baba mkubwa, kwa sababu salamu hiyo huwezi kuiacha chini. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna kilichoharibika. Baba alikuwa ametii kurasa zangu. Alikuwa chumbani pamoja nao, na kila alipouliza alisubiri ajibiwe, kwa urefu uleule ambao watu wa heshima husubiri.

"Hamjambo hapa nyumbani?"

"Hatujambo, karibu."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Habari za mvua?"

"Mvua ni nyingi mwaka huu," bibi akaiambia mashine. "Bonde la Jangwani limejaa maji, watu wanabeba magodoro kichwani."

"Alhamdulillahi," akasema baba.

Mshenga aliinamisha uso ndani ya mikono yake. Mabega yalikuwa yanacheza. Mimi niliangalia vitufe. Fundi hacheki.

"Nina mguu mbovu," akaendelea baba. "Naomba nikae."

"Astaghafiru, tumemkalisha mgeni chini," akasema bibi. "Mpeni kiti."

Kiti kilikuwa kimoja tu chumbani. Baba mkubwa alimwangalia mama yake, akaangalia mashine, akainuka taratibu, akahamia kwenye mkeka. Nikampandisha baba kwenye kiti.

"Nimekuja kwa sababu ya kijana wangu," baba akasema kutoka juu huko. "Nimekuja kuomba mtoto."

Shhh. Ilikuwa ndefu kuliko zote. Niliona utepe wa kanda ukizunguka nyuma ya kidirisha, nikawaza kwamba hapa ndipo maisha yangu yanapita, upana wake hauzidi punje ya mchele.

"Leo hatujibu," akasema baba mkubwa. Safari hii alimwambia baba mwenyewe, si sisi.

"Najua," akasema baba, kwa wakati wake hasa. "Hilo si jambo la kujibiwa siku ya kwanza."

Baba mkubwa akashtuka, akasogea nyuma kidogo. "Huyu mzee anasikia?"

"Ana adabu," akasema bibi. "Mwenye adabu anajua utakachosema."

Na hapo betri zikaanza kufa. Sauti ya baba ikaanza kuwa nzito na kuvuta. "Kiiijaaanaaa waaanguuu..." Ikashuka mpaka ikawa kama ng'ombe aliyeko mbali.

"Mzee wa watu amechoka," akasema bibi. "Ametoka mbali."

"Fundi," baba mkubwa akaniita, na sasa sauti yake ilikuwa imerudi kwenye ukali. "Nataka kuuliza. Tutajuaje kama huyu ni baba yake kweli? Sauti ni sauti. Kijana mjanja anaweza kumpata mzee yeyote hapo sokoni, akamnunulia kahawa, akamrekodi."

Nilifungua mdomo. Mshenga alinigusa kwa goti.

"Fundi hajui," akasema mshenga. "Fundi anajua betri tu."

Nikazitoa betri, nikazisugua kwenye suruali, nikaziuma moja baada ya nyingine mbele ya wakwe zangu watarajiwa, nikazirudisha. Baba akasema neno moja, "bado," akazama tena. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Jumatatu treni ya Mwanza ingeondoka. Nilikuwa nimeleta nusu ya mtu, na nusu nyingine haitoki.

Bibi alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa kumtazama fundi. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Toa betri za tochi yako."

"Mama, zile nimezipata kwa shida. Usiku natokaje uani?"

"Utatoka na kibatari. Mgeni amekatika katikati ya maneno nyumbani kwangu, na wewe una betri uvunguni?"

Alikwenda. Alirudi na tochi ndefu ya betri tatu, akazitoa yeye mwenyewe, akanipa moja moja kama anayemkabidhi mtu vifaranga. Nikaziweka pamoja na zile tatu za mwenye nyumba zenye unafuu. Baba akarudi kwa nguvu mpaka nikapunguza sauti.

"...kijana wangu huyu ana wasiwasi. Tangu mtoto. Tukimtuma dukani anarudi njiani kuuliza kama kweli tumemtuma. Sasa kanitumia kurasa nne za kunifundisha kuzungumza. Mimi nilizungumza miaka mingi kabla hajazaliwa. Kaniambia nitoe jogoo. Nyumba ni ya jogoo, nitamtoaje? Lakini hajawahi kunidanganya, na hela yake ya kwanza ya kazi alininunulia dawa ya mguu. Mkiweza kumpa mke, mpeni. Labda atapata mtu wa kumwambia nyamaza, maana mimi niko mbali."

Kwa nyuma, waziwazi, jogoo akawika.

Baba mkubwa alianza kucheka tumboni kabla ya mdomoni. "Huyo ni baba yake," akasema, akijifuta macho. "Mzee wa kukodi hawezi kumsema mtu hivyo. Angemsifu."

Nilikuwa nimeaibika kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye viatu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kutoka nyuma ya pazia la mlango wa ndani nilisikia mtu mwingine akicheka, na nilimjua ni nani.

Baba aliaga, akaagwa, akanyamaza kabisa. Nikazima. Wakazungumza wao kwa wao kwa sauti ya chini, mimi nikapangusa kidirisha cha mashine ambacho hakikuwa na vumbi. Baba mkubwa alisema desturi ni desturi, mgeni arudi siku ya pili, na ya tatu. Bibi akamuuliza mshenga kanda inasafiri lini. Mshenga akasema kesho alfajiri kuna ndege ya kusini.

"Basi mgeni wetu anasafiri kesho," akasema bibi, "na mguu ule hautamrudisha upesi. Simpeleki mtu Masasi mikono mitupu. Fundi, hii mashine inasikiliza pia?"

"Inasikiliza, bibi. Upande wa pili."

Nikageuza kanda. Bibi aliomba maji akanawa uso, akatengeneza kanga yake begani, akakaa wima mbele ya kile kiti. Niliweka vidole viwili juu ya vitufe viwili na nikaangalia mara tatu kama chekundu ni chekundu.

Alimsalimia baba, akaacha nafasi ajibiwe. Akamuuliza mguu, akaacha nafasi. Akamuuliza mvua za Masasi, akaacha nafasi, na sisi tukasubiri naye huku kanda ikizunguka, wote tukitazama kiti. Kisha akasema, "Ulilokuja nalo tumelisikia. Mtoto wetu tumempa kijana wako."

Na akaacha nafasi baba afurahi.

Ilikuwa nafasi ndefu, aliipima kwa upana wa furaha ya mzee. Nilijikaza. Nilibana midomo, nikaangalia dari, nikafikiria ripoti ya mipango. Haikusaidia. Kilinitoka cheko kimoja chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, kikaingia moja kwa moja kwenye kanda.

Bibi hakugeuka. "Huyo anayecheka," akamwambia baba kwa utulivu, "usimjali. Ni fundi wa mashine."

Nilirudi nikikimbia, mashine nimemwachia mshenga, kanda nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati. Niliwasalimu wauza mitumba, wabeba magunia, mtu ambaye simjui aliyekuwa anagombana na mkewe. Mpakia mizigo alikuwa ameketi barazani na sahani ya ubwabwa.

"Wamesemaje?" akauliza.

Nikasimama. Ghafla sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeangalia vitufe, dari, kidirisha. Nilimwambia labda nimesikia vibaya, labda turudishe nyuma kidogo tu tuhakikishe, ingawa betri nimeshazirudisha.

"Wewe umesikia neno gani?"

"Tumempa."

Alimeza tonge, akanawa mkono, akanyoosha kiganja.

"Sasa ulitaka waseme nini zaidi?" akasema. "Lete kanda."